Kila Mtu na Kata Yake: Kumuaga Bwana Afya Leodegar Tarimo

Wapendwa wasomaji wa karatasi yetu ya zahanati, Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu wa upande wa Kilutheri, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wote, shikamooni. Hamjambo? Watoto wanaendeleaje? Migomba imesalimika na upepo wa juzi? Na matumbo, je?

Msicheke. Mwingine angeuliza habari za nyumbani akaishia hapo, lakini mimi nimefanya kazi miaka kumi na miwili chini ya mtu asiyeweza kusalimia bila kuuliza matumbo, iwe msibani, iwe kwa bibi harusi mlangoni mwa kanisa, na mazoea yana tabu. Sisi hapa zahanati hatujambo, na matumbo yetu hayajambo, tunamshukuru Mungu.

Mtu huyo ndiye habari yetu ya leo. Bwana Leodegar Tarimo, Bwana Afya wetu, anastaafu Jumamosi tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2001. Ametumikia zahanati ya Msaroe na kata zake mbili, Msaroe na Nanjoweni, kwa miaka thelathini na mitatu. Ndio umri wa Bwana wetu hapa duniani. Padre ameniambia nisifananishe. Sifananishi, nahesabu tu.

Kamati ya kumuaga ilimuuliza anataka zawadi gani. Tulikuwa tumefikiria redio ya kaseti, au blanketi zito la kukabili baridi ya Julai. Akakataa vyote. Alisema anataka kitu kimoja: anywe mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, mara moja na Mzee Wenseslaus, kwa kata moja, kama zamani. Kamati nzima ikatazama sakafu, maana kila mtu hapa anajua kwamba Mzee Wenseslaus hajanywa na Bwana Afya, wala kuitikia salamu yake, tangu mwaka 1998. Mimi niliitazama sakafu kuliko wote. Sababu nitaisema mbele. Naomba mnivumilie, kwanza nijipe moyo, na mtu hujipa moyo vizuri akianza kwa kumsifu anayestahili.

Bwana Leodegar alirudi hapa nyumbani kwao Julai 1968 na baiskeli ya serikali. Kwa jinsi mlima wetu ulivyo, asubuhi alikuwa anaibeba baiskeli kwenda kazini, na jioni baiskeli inambeba yeye kurudi, kwa kasi ambayo kuku wa Msaroe hawajaisahau. Alichanja watoto, akapima visima, akapulizia dawa ya mbu, akakagua mabucha. Wachuuzi wa nyama walikuwa wanamwona kwa mbali wanaanza kufukuza nzi kwa bidii, kana kwamba nzi nao wanasubiri kukaguliwa.

Mwaka 1986 ilikuja kampeni ya vyoo: kila kaya choo chake. Mzee Eliufoo wa Nanjoweni alijenga choo kizuri kuliko nyumba, bati jipya, mlango wa mbao, na kufuli. Bwana Afya akaja kukagua, akaomba ufunguo. Ndani alikuta mikungu ya ndizi imepangwa kwa heshima, imefunikwa majani makavu, inaivishwa kwa ajili ya mbege. Eliufoo alijitetea kwamba katika kihamba chake chote, shamba la nyumbani zima, hakuna chumba chenye joto zuri kama kile, tena ni kisafi, hakijawahi kuchafuliwa na mtu.

Bwana Afya aliandika kwenye daftari lake: "Choo kipo. Kinatumika. Na ndizi."

Hakumpiga faini. Alirudi siku mama mkwe wa Eliufoo alipokuja kutembea, akamwamkia yule bibi vizuri, akauliza matumbo, kisha akamwuliza kwa upole kama anaridhika kwenda kujisitiri migombani wakati ndizi zimewekewa kufuli. Bibi alimgeukia tu mkwewe akamtazama. Kesho yake ndizi zilihama.

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini nimesoma kwake. Alikuwa ananiambia, "Yuditha, ugonjwa hauna miguu. Unaazima yetu. Sasa wewe usipoteze muda kuusoma ugonjwa peke yake, wasome na wenye miguu."

Aliwasoma hata kanisani. Alipoona watu wananawa mikono kwa kugusa maji na kukimbia, alitoa agizo kwamba kila mtu anawe kwa muda wa Baba Yetu moja, polepole, na sabuni. Likafanya kazi mpaka alipogundua kwamba Walutheri wanatoka na mikono safi kuliko sisi, kwa sababu wao mwishoni wanaongeza "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu". Wakatoliki tukaambiwa tuongeze angalau nusu ya Salamu Maria. Mzee mmoja wa Msaroe, ambaye husali kama mtu anayekimbizwa na nyuki, aliandikiwa rozari nzima.

Sasa nimwingize Mzee Wenseslaus.

Wenseslaus na Leodegar walipata kipaimara siku moja, wakafungua kinywa kwa mbege siku moja, na nadhani hata kiboko cha katekista walikila siku moja. Mzee Wenseslaus ana kilabu cha mbege pale Msaroe, hatua thelathini kutoka darajani, na ng'ambo ya daraja ndiyo Nanjoweni. Jumapili baada ya misa wawili hao walikaa benchi moja wakanywea kata moja. Wageni wanaosoma hii karatasi, kata ni kile kibuyu chenye mkono ambacho tunanywea mbege. Yao ilikuwa na ufa uliofungwa kwa waya. Wenseslaus alikuwa anaonja kwanza, kama ilivyo desturi ya mwenye pombe kuonyesha kwamba haina neno, halafu anampa mwenzake. Kati yao hapakuwa na kufuta mdomo wa kata. Kwetu ukifuta pale alipogusa mwenzako, umemtukana yeye na babu yake.

Mwanzoni mwa 1998, zile mvua kubwa zilipokwisha kubomoa vyoo na kuvifukuzia mitoni, kipindupindu kilipanda kutoka tambarare. Tulisikia kipo Himo. Wiki iliyofuata tuliletewa wagonjwa wawili kutoka Nanjoweni. Bwana Afya hakuwaza sana mahali pa kuanzia. Alikwenda kilabuni kwa rafiki yake akakaa saa nzima akihesabu: kata moja imepita vinywa kumi na saba, ikasuuzwa kwenye ndoo ya maji ya kijito, ikaendelea na safari. Kisha akarudi ofisini akaandika tangazo kwa mkono wake. Nalikumbuka neno kwa neno:

"Kuzuia kipindupindu: kuanzia leo kila mtu anywee kata yake mwenyewe, yaani kibuyu chake cha mkononi. Ni marufuku kunywea kata ya mwenzako."

Akanipa mimi niliandike kwa herufi kubwa kwenye manila, nakala nne, kwa sababu wanasema nina mwandiko mzuri.

Sasa nasema. Ee Mungu, nisaidie.

Manila ilikuwa ndogo na herufi zangu zilikuwa nene. Nilipofika katikati nikaona maneno hayatatosha. Nikajiuliza, katika mlima huu wote nani hajui kata? Nikaruka yale maneno "yaani kibuyu chake cha mkononi". Nafasi iliyobaki nikachora ua. Nikapeleka nakala zote nne ofisi ya kata, nako zikagongwa mhuri mkubwa wa duara: KATA YA MSAROE.

Basi watu wakasoma: kila mtu anywee kata yake, ni marufuku kunywea kata ya mwenzako, na mhuri wa kata chini yake. Wakaelewa, kama ambavyo hata wewe ungeelewa, kwamba mtu wa Msaroe anywe Msaroe, na mtu wa Nanjoweni anywe Nanjoweni.

Na walitii! Watu ambao hawajawahi kutii tangazo lolote, wanaofunga mbuzi kwenye kibao kinachokataza kufunga mbuzi, hilo walilitii siku ileile. Baadaye Bwana Afya alinieleza sababu. Alisema Msaroe wameamini tangu enzi za mababu kwamba mbege ya Nanjoweni inaumiza kichwa, na Nanjoweni wanaamini mbege ya Msaroe imetiwa maji. Amri inayokubaliana na majungu ya watu haihitaji polisi.

Pale darajani wakajitokeza mgambo wawili ambao hakuna aliyewatuma, wakawa wananusa midomo ya wapitao. Kijana wa Nanjoweni aliyekuwa anaposa Msaroe alifika na wazee wake na pipa la mbege ya posa, wakazuiwa. Posa ile ilizungumzwa kwa kupigiana kelele juu ya kijito, wazee wa huku wakinywa ya huku na wa kule wakinywa ya kule. Kwa sababu ya mngurumo wa maji hakuna aliyesikia vizuri ni mbuzi wangapi walioahidiwa, na mpaka leo ndiyo ndoa yenye amani kuliko zote parokiani.

Aliyeumia ni Mzee Wenseslaus. Wateja wake wengi walikuwa wa ng'ambo. Kilabu kilibaki yeye, benchi, na mbege inayochacha. Wakati huohuo, upande wa Nanjoweni, kilabu cha Mama Lukresia kilifurika watu mpaka wengine wakakaa juu ya paa la banda la ng'ombe. Na Mama Lukresia, kama mnavyojua, ni mdogo wake mke wa Bwana Afya. Mnaona wenyewe jambo lilivyokaa vibaya.

Mbege ilipokuwa siki kabisa, Mzee Wenseslaus aliwamwagia nguruwe. Nguruwe wakaimba, wakapigana, wakalala siku mbili. Mtu akapeleka habari zahanati kwamba kipindupindu kimeingia kwa nguruwe. Bwana Afya akaja mbio na mkoba wake, akainama, akafunua kope la nguruwe wa kwanza, akanusa.

"Wenseslaus, hawa wamelewa."

"Ndio wateja ulioniachia," Mzee akamjibu. "Lukresia ana watu, mimi nina hawa. Wapime tu, ila uwaulize kwanza kama ni wa kata hii."

Hapo ndipo Bwana Afya alipokwenda kulisoma tangazo lililobandikwa ukutani. Alilisoma mara mbili. Nilikuwa nyuma yake nimebeba ndoo ya dawa. Aligeuka akanitazama, akatazama lile ua nililochora, akasema, "Ua zuri." Akaondoka kuelekea Nanjoweni.

Kwa Mama Lukresia alikuta watu sitini wamekaa chini ya tangazo lake, wanapokezana kata moja, wakilisifu tangazo. Alipanda juu ya kreti ya soda akawaeleza kwamba kata ni kibuyu. Kibuyu! Wakashangaa sana. Mmoja akauliza sasa kwa nini kibuyu kina diwani.

Kuanzia siku ile ilitangazwa upya kwamba kila mtu aje na chombo chake cha kunywea, na maji ya kuoshea yachemshwe. Mtasema shida imekwisha? Hamwajui watu wa kwetu. Desturi inasema kata ya kwanza ni ya kuonja, nayo haina malipo. Jumapili iliyofuata wakaja na vyombo vyao kama walivyoagizwa: magaloni, mitungi, na Mzee Eliufoo wa ndizi za chooni alikuja na beseni la kuogeshea mtoto, akasema hiyo ndiyo kata yake na anaomba kuonja. Ikabidi Bwana Afya atafute mwenyewe vikombe vya plastiki. Alishuka mpaka Moshi dukani kwa Kishor, akarudi na katoni nzima ya vikombe vyekundu, vyote sawa. Kwa kuwa vilikuwa sawa watu wakavichanganya, wakanywa tena mate ya wenzao kwa wiki moja, safari hii kwa usafi wa rangi nyekundu. Mwishowe tulichonga majina kwa msumari wa moto. Kikombe changu kimeandikwa YUDITA, herufi moja iliyeyuka.

Lakini kipindupindu kiliondoka. Nanjoweni waliugua tisa, tukawapa maji ya chumvi na sukari na dripu usiku na mchana, wote wakapona. Msaroe hakuugua hata mmoja. Hatukuzika mtu. Na nitawaambia jambo la kuchekesha na la kweli: wakubwa wa wilayani walipokuja kupima, walisema ugonjwa haukuvuka kijito kwa sababu watu hawakuvuka kijito. Wakampa Bwana Afya cheti cha pongezi kwa "kudhibiti mwingiliano wa watu baina ya kata". Amri ambayo hakuitoa! Cheti kile hajakitundika. Amekiweka kwenye faili lake la Mambo ya Kusahihishwa.

Walipomkabidhi cheti, mbele ya mkutano wa kata zote mbili, Mzee Wenseslaus alisimama akauliza swali moja. Aliuliza lile tangazo la kwanza liliandikwa na nani.

Nilikuwa mstari wa mbele. Mkumbuke mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, majina yanabandikwa ukutani Moshi mjini, watu wanazimia palepale. Mimi nilikuwa mhudumu wa muda, nina watoto wanne, na baba yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kosa moja tu lilitosha.

Bwana Afya alisema, "Tangazo limetoka ofisini kwangu. Kosa ni la ofisi yangu."

Mzee Wenseslaus akamjibu, "Basi kata yangu nayo haitatoka nyumbani kwangu." Akavaa kofia akaenda zake. Kata ile yenye waya ameitundika juu ya mlango wa kilabu chake, na hakuna aliyeinywea tangu siku hiyo.

Nilimfuata Bwana Afya ofisini nikalia. Nikamwambia nitakwenda kwa Mzee nikaseme ukweli. Akanikataza. Alisema, "Ukimwambia Wenseslaus leo, kesho kilabu kizima kinajua, na keshokutwa wilaya. Subiri uthibitishwe kazini." Nilithibitishwa mwaka jana mwezi wa nane. Nikamkumbusha. Akasema, "Sasa imekuwa zamani, Yuditha, iache." Lakini kila Jumapili baada ya misa namwona anavyotembea. Anafika karibu na daraja, anapunguza mwendo, anasalimia upande wa kilabu, hajibiwi, anapita. Kwa miaka mitatu. Mtu aliyeuliza matumbo ya mlima mzima, hakuna wa kumwuliza la kwake.

Basi nimesema. Ofisi ile ilikuwa mimi. Yale maneno matano niliyaruka mimi, nikachora ua. Mzee Wenseslaus, Bwana Afya hakumpendelea Lukresia wala kukuonea wewe. Alinificha mimi na watoto wangu nyuma yake, akakupoteza wewe. Yeye hajui kwamba nimeandika haya. Amepewa kazi ya kukagua kisima siku ambayo karatasi hii inapigwa chapa.

Wafanyakazi wenzangu wamenituma niseme asante kwa niaba yao. Asante, Bwana Afya, kwa watoto waliochanjwa ambao sasa wanaleta watoto wao. Asante kwa visima, na kwa mikono yetu. Mungu akupe mapumziko yenye migomba mizito, kahawa isiyo na ugonjwa wa chule, na magoti yanayokubali mlima. Tunakuombea uzee mwema na tumbo tulivu.

Sherehe itafanyika kwenye uwanja wa zahanati saa nane mchana siku hiyo ya tarehe 30. Kila mtu aje na kata yake. Nasema ya kunywea, siyo ya diwani. Mabeseni yatarudishwa getini, na Mzee Eliufoo asijisumbue.

Kimebaki kitu kimoja, nacho ni kwako, Mzee Wenseslaus. Shikamoo. Najua macho yako hayasomi vizuri siku hizi, kwa hiyo Mama Mektrida, tafadhali msomee mumeo taratibu, na usiruke neno kama nilivyoruka mimi. Ndani ya nakala yenu nimeweka jani la isale, lile la kuombea msamaha. Nimelichuma mwenyewe kwenye mpaka wa kihamba changu, na mnajua kwetu anayeletewa isale hakatai. Ni langu mimi, siyo la Leodegar. Yeye hana deni la kuombea msamaha.

Tunaomba utupikie wewe mbege ya sherehe. Na tunaomba uishushe ile kata pale mlangoni uje nayo. Maji ya kuiosha nitayachemsha mimi, na nitaisugua kwa Baba Yetu mbili, ya Kikatoliki na ya Kilutheri, kabla yako na kabla yake. Kwa wawili ninyi, siku moja tu, Bwana Afya mpya amekubali kutazama upande wa mlima.

Ila mbege haipikwi kwa siku moja. Ulezi unahitaji kuoteshwa na ndizi zinahitaji kuiva, na choo chetu kipya cha zahanati hakiruhusiwi. Kwa hiyo, Mzee wangu, nakuomba unijibu mapema, kabla ya Jumapili ijayo. Ukishindwa kuandika, mwitikie tu salamu yake pale darajani. Nitakuwa nyuma yake na ndoo, nitasikia.

Yuditha, mhudumu, zahanati ya Msaroe.